Imetoboka au Imetobolewa? Istilahi za Ekzosi katika Ukaguzi wa Pikipiki

Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo Kiswahili kimekabidhiwa katika miaka ya karibuni, ile ya kuwa lugha ya sheria ndiyo inayodai uangalifu mkubwa zaidi. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya utoaji haki nchini Tanzania, ingawa iliacha nafasi ya kutumia Kiingereza pale ambapo haki yenyewe inahitaji hivyo. Katika mahakama za mwanzo Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya mashauri tangu zamani. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, iliyo Sura ya 168 ya sheria zetu, iliandikwa kwa Kiingereza, na vitabu vya mafundi vinavyokuja pamoja na pikipiki huandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Kati ya sheria hiyo na pikipiki iliyoegeshwa mbele ya mkaguzi yumo mtu anayetafsiri, ajue kwamba anatafsiri au asijue.

Makala hii inakusudia kuchunguza jambo moja dogo katika uwanja huo, nalo ni pikipiki iliyobadilishwa ekzosi inapopelekwa kwenye ukaguzi. Huenda msomaji akaona jambo hili ni la gereji wala si la lugha. Tunaomba astahimili. Itaonekana kwamba pikipiki nyingi za namna hii hukubaliwa au hukataliwa kwa maneno kabla ya kukubaliwa au kukataliwa kwa chuma chake.

Mahali na haja

Tuchukue mji wa Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Katika ukanda huu wa dhahabu pikipiki si anasa. Huwapeleka wachimbaji wadogo machimboni, huchukua mgonjwa kumpeleka zahanati, na hubeba viroba, mbuzi, mahindi na vijana wa shule. Kijana anayeendesha pikipiki ya abiria huwa ama ameikopa ama anampelekea mwenye chombo hesabu kila jioni. Siku moja ambayo pikipiki imezuiliwa ni siku isiyo na hesabu, na hesabu isiyopelekwa huwa deni.

Kwa upande mwingine, wapo wanaodhurika. Mlio wa pikipiki iliyotolewa kipunguza sauti chake humfikia mgonjwa wodini, humfikia mwalimu aliye mbele ya wanafunzi, na humwamsha mtoto usiku wa manane. Bomba lisilo na kinga huunguza shavu la mguu wa abiria. Hivyo hatuandiki kumtetea mwenye pikipiki dhidi ya mkaguzi, wala mkaguzi dhidi ya mwenye pikipiki. Tunachotaka ni kwamba wawili hao, pamoja na fundi na hakimu, wanapotaja kitu wawe wanataja kitu kimoja.

Watu wa ukanda huu hawahitaji kufundishwa kwamba istilahi ina uzito. Mwaka 2017, Serikali ilipozuia kusafirisha nje mchanga wenye madini kutoka migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, neno makinikia liliingia vinywani mwa watu wote, kutoka bungeni hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Kabla ya hapo lilikuwa neno la wataalamu wachache. Lilienea kwa sababu palikuwa na mali ndani yake. Maneno ya ekzosi hayabebi makontena ya dhahabu, lakini yanabeba riziki ya kijana mmoja mmoja, na vijana hao ni wengi.

Sentensi ya mfano

Ili mjadala wetu usiwe wa hewani, tuchukue sentensi ya mfano, ya namna inayoweza kuandikwa katika fomu ya ukaguzi bila mtu kushangaa:

"Pikipiki ina ekzosi feki, imetobolewa, inapiga kelele, haina ubora."

Sentensi hii ni fupi na inaeleweka kwa haraka. Lakini ndani yake mna madai manne, na hakuna hata moja ambalo mwenye pikipiki anaweza kulijibu au fundi anaweza kulirekebisha bila kuuliza kwanza maana yake. Tutayatazama moja baada ya jingine.

Ekzosi, bomba na sailensa

Neno ekzosi limetoholewa kutoka Kiingereza, na limekuja na tatizo lililokuwamo katika lugha lilikotoka. Huko neno hilo hutaja vitu viwili: gesi inayotoka katika injini baada ya mafuta kuungua, na vyuma vinavyoipitisha gesi hiyo. Kiswahili kimechukua maana ya pili tu, nacho kimefanya vizuri, kwa kuwa kwa maana ya kwanza tunalo neno moshi. Mfasiri anayekutana na neno hilo katika kitabu cha Kiingereza hana budi kujiuliza kila mara kama linalozungumzwa ni moshi au ni chuma. Asipofanya hivyo ataandika kwamba ekzosi ina sumu, ambapo chenye sumu ni moshi wenye kaboni monoksaidi.

Tahajia yake haijatulia. Wako wanaoandika ekzosi, egzosi, ekzozi na eksozi. Mfuatano wa konsonanti mbili hizo si wa kawaida katika Kiswahili, ndiyo maana kila mtu huupunguzia ugumu kwa njia yake. Katika makala hii tunatumia ekzosi. Lililo muhimu ni kwamba ofisi moja iwe na tahajia moja, kwa sababu fomu zinapohifadhiwa na kutafutwa baadaye, tahajia nne huwa kama vitu vinne.

Je, ekzosi ni kitu kimoja? Fundi anajua kwamba sivyo. Kuna bomba linaloanzia kwenye kichwa cha silinda, lililofungwa kwa nati na kuwekewa gasketi ili moshi usivuje. Kisha kuna kopo refu ambalo ndani yake mna vyumba, vibomba vyenye matundu na vibati vya kugeuza njia ya moshi; hilo ndilo linaloitwa sailensa. Mwisho kuna mdomo wa kutolea moshi. Vijana wengi husema ekzosi wakiwa na maana ya kopo peke yake, na wengine wakiwa na maana ya vyote. Matokeo yake ni kwamba mtu anaambiwa abadilishe ekzosi, ananunua mfumo mzima kwa fedha ya kukopa, ambapo kilichohitajika ni gasketi.

Tunapendekeza kwamba ekzosi libaki kuwa jina la mfumo mzima. Sehemu ya kwanza iitwe bomba la moshi. Ifahamike kwamba lugha ya pwani ina neno dohani kwa bomba la moshi la meli au la kiwanda, na neno hilo libaki huko huko. Hakuna fundi wa Kharumwa atakayeita bomba la pikipiki dohani, na istilahi isiyotamkwa na mwenye kazi haina maisha.

Ama kuhusu kopo lenyewe, sailensa ni jina la gereji na halina ubaya. Hata hivyo, wafasiri wengine hupendelea neno la Kiswahili, na mara nyingi huandika kizuia sauti. Hapa ndipo pana hatari. Kuzuia ni kufanya kitu kisipite. Hakuna kifaa kinachoizuia sauti ya injini isipite, na hakuna sheria inayodai pikipiki iwe bubu. Sheria za namna hii popote zilipo hudai sauti ipunguzwe hadi kiwango fulani. Mwenye pikipiki akisoma kwamba anatakiwa kuwa na kizuia sauti, ana haki ya kusema kwamba hata pikipiki mpya kutoka dukani haina. Kwa hiyo tunapendekeza kipunguza sauti. Neno hili lina faida nyingine: kila mwanafunzi anajua kipaza sauti, na mara moja ataona kwamba hiki ni kinyume cha kile. Vyumba na vibati vya ndani viitwe vizuizi vya ndani, kwa kuwa hivyo kwa hakika huuzuia moshi usipite moja kwa moja.

Feki, mbadala na bandia

Dai la kwanza katika sentensi yetu ni kwamba ekzosi ni feki. Neno hili limeenea mno sokoni, na huko linatumikia kazi yake. Katika hati ya Serikali linachanganya mambo matatu ambayo sheria na haki zinayatenganisha.

La kwanza ni kipuri cha asili, yaani kile kilichotengenezwa au kuidhinishwa na kampuni iliyounda pikipiki. Mafundi hukiita orijino. La pili ni kipuri mbadala, yaani kile kilichotengenezwa na kampuni nyingine, kwa jina lake yenyewe, ili kichukue nafasi ya kile cha asili. Mbadala unaweza kuwa mzuri kuliko asili, unaweza kuwa sawa nayo, na unaweza kuwa mbaya. La tatu ni kipuri bandia, yaani kile kilichobandikwa jina la kampuni isiyokitengeneza ili mnunuzi adanganyike.

Neno bandia peke yake lina maana mbili. Meno bandia na mguu bandia havimdanganyi mtu. Ni vitu vilivyowekwa mahali pa vile vya asili. Lakini katika lugha ya biashara, bidhaa bandia zimekwisha kuwa zile za udanganyifu, na ofisi zinazolinda walaji hulitumia neno hilo kwa maana hiyo. Ni vyema tufuate njia iliyokwisha kulimwa. Ekzosi ya kampuni nyingine isiitwe bandia, bali mbadala. Kumwandikia mtu kwamba ana kipuri bandia ni kudai kwamba kuna aliyedanganya, naye huenda ndiye aliyedanganywa.

Kuna aina ya nne ambayo haitoki dukani. Ni ekzosi ya asili iliyochukuliwa na fundi, ikakatwa, ikatolewa vizuizi vya ndani, kisha ikachomelewa tena. Hii si mbadala wala si bandia. Iitwe ekzosi iliyogeuzwa. Kwa macho ya mpita njia inafanana kabisa na ile ya asili. Tofauti hujulikana kwa alama ya kuchomelea na kwa mlio. Mkaguzi akiandika "ya asili" kwa sababu ya jina lililo juu yake, atakuwa ameandika kweli isiyosaidia kitu.

Imetoboka au imetobolewa

Tunafika katika dai la pili, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao lugha nyingi hazina. Kitenzi toboa hunyambulika kuwa toboka na tobolewa. Tofauti yao ni ya silabi moja, lakini kisheria ni tofauti ya mtu mwenye hatia na mtu mwenye bahati mbaya.

Tukisema "ekzosi imetoboka" tunaeleza hali. Kuna tundu. Halisemwi lolote kuhusu aliyelitia. Huenda ni kutu, kwa kuwa moshi una mvuke wa maji ambao hupoa ndani ya kopo na kulila chuma kutoka ndani. Huenda ni jiwe la barabarani. Tukisema "ekzosi imetobolewa" tumekwisha kumleta mtu katika sentensi, hata kama hatukumtaja jina. Kauli ya kutendwa hudai mtendaji. Mwenye pikipiki anayesomewa maneno hayo anakuwa ameshitakiwa kabla ya kuulizwa.

Jambo hili halihusu tundu peke yake. Bolti imelegea au imelegezwa. Kinga ya joto imeng'oka au imeng'olewa. Bomba limepinda au limepindwa. Kila jozi ina upande wa hali na upande wa tendo. Walimu wa sarufi wamekuwa wakifundisha kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa kwa mifano ya kikombe na sahani: kikombe kimevunjika, kikombe kimevunjwa. Tunawashauri wachukue mifano kutoka barabarani, kwa sababu huko mwanafunzi ataona kwamba kiambishi kinaweza kugharimu fedha.

Kanuni tunayopendekeza kwa watumishi ni rahisi. Sehemu ya fomu inayoeleza chombo iandikwe kwa kauli ya kutendeka, au kwa maneno ya hali tupu kama "ipo", "haimo", "ina tundu la upana wa kidole". Kauli ya kutendwa itumike pale tu ambapo kuna dalili ya tendo, na dalili hiyo itajwe: "Vizuizi vya ndani vimeondolewa, kuna alama mpya ya kuchomelea upande wa chini." Hapo mtu ameshutumiwa, lakini ameshutumiwa kwa sababu inayoonekana, naye anaweza kuijibu.

Mfasiri wa kutoka Kiingereza anayo hatari ya kinyume. Lugha hiyo hutumia umbo moja kwa hali na kwa tendo, na asiyeangalia hutafsiri kila mahali kwa -wa. Kwa njia hiyo hati isiyomshutumu mtu huko ilikoandikwa huja kuwashutumu watu kwa Kiswahili.

Sauti, mlio na kelele

Dai la tatu ni kwamba pikipiki inapiga kelele. Jina pikipiki lenyewe ni mwigo wa mlio. Tulikipa chombo hiki jina kwa masikio yetu, na haishangazi kwamba tunakihukumu kwa masikio vile vile. Lakini maneno matatu yapasa kutengwa.

Sauti ni kile kinachopimika. Mlio ni namna ya sauti inayotambulisha kitu: mlio wa injini ya mipigo minne si mlio wa injini ya mipigo miwili, hata kama ukubwa wa sauti ni mmoja. Kelele ni hukumu. Ni sauti ambayo msikiaji haitaki. Kwa hiyo "inapiga kelele" si matokeo ya kipimo, bali ni maoni ya aliyesikia. Maoni hayo yanaweza kuwa ya haki kabisa. Tanzania ina kanuni za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na katika kanuni za namna hiyo neno kelele lina mahali pake. Lakini katika fomu ya ukaguzi kinachofaa kuandikwa ni kiwango cha sauti, pamoja na namna kilivyojulikana.

Kiwango cha sauti hupimwa kwa desibeli. Walimu wanajua ugumu wa kueleza kipimo hiki, kwa kuwa hakijumlishwi kama kilo. Pikipiki mbili zenye desibeli 80 kila moja, zikinguruma pamoja, hazifanyi desibeli 160 bali 83. Nyongeza ya desibeli 10 ni nishati ya sauti mara kumi, na sikio la kawaida huisikia kama sauti iliyokuzwa takriban mara mbili. Kwa hiyo mtu anayesema ekzosi yake "imezidi desibeli kumi tu" hajui anachokisema.

Kipimo cha chombo kikiwa kimesimama kina utaratibu unaojulikana kimataifa, uliomo katika Kanuni Na. 41 ya Umoja wa Mataifa kuhusu sauti ya pikipiki. Kinasa sauti huwekwa nusu mita kutoka kwenye mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya nyuzi 45 kutoka uelekeo wa moshi. Injini huzungushwa kwa nusu ya kasi inayoipa nguvu yake ya juu kabisa, ikiwa kasi hiyo inazidi mizunguko 5,000 kwa dakika. Kama nguvu ya juu hupatikana kwenye mizunguko 7,500, basi kipimo hufanywa kwenye 3,750. Msomaji ataona mara moja kwamba pikipiki ikipimwa huku mtu akikaza mkono hadi mwisho, namba itakayopatikana haina maana.

Na pasipo na chombo cha kupimia? Uingereza, ambako pikipiki hukaguliwa kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitatu, mkaguzi hutumia sikio lake, lakini kwa ulinganisho: sauti isizidi kwa kiasi kikubwa ile inayotarajiwa kwa pikipiki ya namna hiyo yenye kipunguza sauti cha kawaida kilicho katika hali ya wastani. Kipunguza sauti chenye maandishi ya kwamba ni cha mashindano tu hukataliwa huko kwa maandishi hayo. Tunajifunza kwamba sikio si haramu, ila lazima liseme limelinganisha na nini. Maneno "sauti ni kubwa kuliko ya pikipiki ya aina hiyo hiyo yenye ekzosi ya asili, zikisikilizwa pamoja" ni ushahidi. Neno "kelele" peke yake si ushahidi.

Ubora, uzima na kufaa

Dai la nne ni kwamba pikipiki haina ubora. Wengi hulitumia neno hili kutafsiri lile la Kiingereza linaloeleza chombo kinachostahili kuingia barabarani. Ubora ni jambo la daraja. Kitu kinaweza kuwa bora kidogo au bora sana, na pikipiki ya bei nafuu haina ubora wa ile ya bei ghali. Mkaguzi haulizwi kama pikipiki ni bora, bali kama inafaa.

Wengine wamependekeza uzima, kwa kuwa kinyume chake, ubovu, kinajulikana kwa wote: gari bovu. Pendekezo hili ni zuri kwa sikio, lakini lina utata, kwa maana "gari zima" ni gari lote, na "gari limezima" ni gari ambalo injini yake imekoma kunguruma. Tunaona kwamba kufaa barabarani ndiyo istilahi iliyo salama. Chombo kinafaa barabarani au hakifai barabarani. Hakuna daraja la katikati. Hati yake iitwe hati ya kufaa barabarani. Stika ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikibandikwa wakati wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani zinaeleweka na wananchi kwa maana hiyo hiyo.

Kadhalika tutenge kukagua na kupima. Kukagua ni kwa jicho na mkono. Kupima ni kwa chombo chenye namba. Fomu isiseme "imepimwa" pale ambapo ilitazamwa tu.

Istilahi hizi katika ukaguzi wenyewe

Sasa tuzitie kazini. Pikipiki yenye kipunguza sauti mbadala imefika kwa mkaguzi wa magari, ambaye kwetu ni askari wa usalama barabarani. Mambo ya kutazamwa si mengi, na kila moja lina jina lake.

Kwanza ni ufungaji: bolti na nati zote zipo na zimekazwa, na kipunguza sauti hakitikisiki kikishikwa kwa mkono injini ikiwa baridi. Pili ni mvujo: injini ikinguruma taratibu, mdomo wa ekzosi huzibwa kidogo kwa kitambaa kinene, na sauti ya kufyonya penye maungio huonyesha mahali moshi unapovuja. Tatu ni vizuizi vya ndani: vimo au havimo. Nne ni uelekeo wa mdomo, usiwe unaelekea mguuni kwa abiria wala kwenye mzigo. Tano ni kinga ya joto. Sita ni alama: nchi zinazofuata kanuni za Umoja wa Mataifa hukitia kipunguza sauti mbadala kilichoidhinishwa herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyoidhinisha, na idhini hiyo huhusu aina zilizotajwa za pikipiki, si pikipiki zote. Saba ni kiwango cha sauti.

Mwenye pikipiki naye ana mambo ya kufanya. Asiitupe wala kuiuza ekzosi ya asili, kwa kuwa ndiyo jibu la haraka kuliko yote akikataliwa. Ahifadhi risiti ya kipuri mbadala. Kabla ya kwenda amwombe fundi arekebishe kabureta, kwa sababu ekzosi inayopitisha moshi kwa urahisi zaidi hubadili uwiano wa hewa na mafuta. Injini hupata hewa nyingi kuliko mafuta, hupata moto kupita kiasi, na hutoa milipuko dereva anapoachia mkono. Vijana huidhania milipuko hiyo kuwa ni nguvu. Mara nyingi ni mafuta yanayounguzwa mahali pasipo pake.

Muhtasari wa mapendekezo

Ekzosi: mfumo wote wa kupitishia moshi kutoka injini hadi nje.
Bomba la moshi: sehemu ya ekzosi inayotoka kwenye silinda hadi kwenye kipunguza sauti.
Kipunguza sauti: kopo lenye vizuizi vya ndani, gereji huliita sailensa.
Kipuri cha asili: kilichotengenezwa au kuidhinishwa na muundaji wa chombo.
Kipuri mbadala: kilichotengenezwa na kampuni nyingine kwa jina lake yenyewe.
Kipuri bandia: chenye jina la kampuni isiyokitengeneza.
Ekzosi iliyogeuzwa: ya asili au mbadala, iliyobadilishwa muundo wake na fundi.
Kiwango cha sauti: ukubwa wa sauti uliopimwa, kwa desibeli.
Kufaa barabarani: hali ya chombo kutimiza masharti ya kutumika barabarani.

Hitimisho

Turudi kwenye sentensi yetu ya mfano na tuiandike upya: "Kipunguza sauti ni mbadala, kimefungwa imara. Vizuizi vya ndani havimo. Bomba la moshi limetoboka karibu na maungio. Kiwango cha sauti hakikupimwa. Kwa kusikilizwa, sauti ni kubwa kuliko ya pikipiki ya aina hiyo hiyo yenye ekzosi ya asili. Haifai barabarani hadi vizuizi virudishwe na tundu lizibwe."

Hati hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza kwa mistari miwili au mitatu. Pikipiki imekataliwa vile vile, wala hakuna aliyelegeza sheria. Lakini mwenye chombo anajua aende kwa fundi kufanya nini, fundi anajua aguse wapi, na mkaguzi mwingine akiiona pikipiki hiyo wiki ijayo anajua atazame nini. Shauri likifika mahakamani, hakimu ana jambo la kuamua.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wanaofanya kazi karibu na gereji na vituo vya ukaguzi wayapime maneno haya mbele ya wenye kazi. Neno ambalo fundi atalikataa kwa sababu nzuri na lirekebishwe, kwa maana yeye ndiye atakayelitumia akiwa ameshika spana mkononi.